UZI: Shule ndogo za mashambani zilitoka wapi, na mbona mjadala wa kuzifunga huanzia mahali pabaya

1/ Kuna mjadala mmoja unaorudi kila mara watu wakiongea siasa ya elimu. Mmoja anasema, "Shule yenye watoto mia moja ni hasara, iunganishwe na nyingine." Mwingine anapandisha sauti, "Mtu asiguse shule ya wananchi!" Makofi yanapigwa pande zote mbili, halafu tunaenda nyumbani bila kujua shida yenyewe ni ipi. Leo tuiangalie polepole, tukianza na historia. Sitataja mwanasiasa wala chama, maana jambo hili limepitia mikononi mwao wote.

2/ Niseme mapema kwamba mimi sio mtazamaji tu. Nilisoma katika shule kama hiyo huko Ukambani. Juzi dada yangu mkubwa alinipigia simu: "Jumamosi kuna mkutano wa wazazi. Wanataka kuunganisha shule yetu na ile ya ng'ambo ya mto. Wewe umesoma, njoo utusaidie kuuliza maswali." Binti yake yuko Gredi ya 4 hapo. Kwa hivyo uzi huu ni maandalizi yangu ya Jumamosi. Shule yenyewe siitaji jina, maana mkisoma mtaona ni kama ya kwenu.

3/ Tuanze nyuma kabisa. Wakati wa mkoloni, shule zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika. Kwa Mwafrika, kazi ya kusomesha iliachiwa wamishonari kwa sehemu kubwa. Huku kwetu, Africa Inland Mission walifungua kituo chao cha kwanza Nzaui mwaka 1895. Shule nyingi za kijijini zilikuwa kibanda cha nyasi, mwalimu mmoja, ubao mmoja. Mtoto alifundishwa kusoma Biblia, kuandika na hesabu kidogo. Ukitaka zaidi ya hapo, ulitembea mbali sana.

4/ Lakini wenyeji hawakukaa tu kungoja. Mabaraza ya wenyeji yalipoundwa kuanzia mwaka 1925, mojawapo ya mambo ya kwanza waliyodai ni kujitoza ushuru wajenge shule zao. Kule Kikuyu, watu walipokosana na wamishonari mwaka 1929, walianzisha shule huru zao wenyewe, na 1939 wakafungua chuo cha walimu pale Githunguri. Mwaka 1952 hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ilianza kuzifunga. Kumbuka hilo: katika nchi hii, kufunga shule iliyojengwa na wananchi kuna kumbukumbu chungu. Ndio maana mtu akisikia "kufunga shule" damu inachemka hata kabla hajasikia sababu.

5/ Kuna jambo lingine la wakati huo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1949 kulitoka ripoti iliyopendekeza Mwafrika asome miaka minne, kisha afanye mtihani wa kuchuja. Wengi wangeishia hapo darasa la nne. Wazazi walikasirika sana, na kutoka hapo fikra moja ikaingia ndani kabisa: shule inayokomea njiani ni mtego. Ndio maana hadi leo kila kijiji kinataka shule "kamili", yenye madarasa yote, hata kama watoto ni wachache.

6/ Uhuru ukaja 1963. Nchi nzima ilikuwa na shule za msingi kama 6,000 na wanafunzi karibu 892,000. Serikali mpya haikuwa na pesa za kujenga kila mahali, kwa hivyo tukaambiwa "harambee". Mpango ukawa huu, na haukuandikwa mahali pamoja lakini kila mtu aliuelewa: nyinyi jengeni kuta, serikali italeta mwalimu. Mwaka 1967 ikaundwa Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ili mwalimu awe na mwajiri mmoja nchi nzima. Shikeni hapo kwenye "nyinyi kuta, sisi mwalimu", maana uzi wote unarudi hapo.

7/ Shule yetu ni ya wimbi la 1974. Siku ya Jamhuri 1973, agizo lilitoka juu kwamba karo ya darasa la kwanza hadi la nne imeondolewa. Januari watoto walifurika. Kwa mwaka mmoja nchi ilitoka kwa wanafunzi kama milioni 1.8 hadi karibu milioni 2.7. Watoto wa kijijini kwetu walikuwa wakivuka mto kwenda shule kubwa, huko wakakuta darasa limejaa hadi dirishani. Wazee wakakaa chini wakaamua: tutaanza yetu.

8/ Walianzia chini ya mgunga. Mzee mmoja alitoa shamba kwa neno la mdomo, mbele ya mashahidi, na mpaka ukapandwa mkonge. Akina mama wakaunda mwethya, kile kikundi cha kusaidiana kazi ambacho Wakamba wamekuwa nacho tangu zamani. Wakabeba mchanga kutoka mtoni kwa karai, wakachoma matofali. Baba yangu hakuwa amesoma hata siku moja, lakini alikuwa akituonyesha ukuta wa darasa la tatu na kusema, "Haya matofali nayajua moja moja."

9/ Sasa angalia kilichofuata, maana ndipo ahadi za siasa zilipoanza kupishana na ukweli. Karo ilipoondolewa, shule zilibuni "mchango wa jengo", na mahali pengi ulizidi ile karo iliyoondolewa. Mwaka 1978 likaja agizo lingine la kufuta malipo, na 1979 maziwa ya shule yakaanza. Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4. Mfumo mpya ulitaka darasa la nane na vyumba vya kazi za mikono na sayansi ya nyumbani. Nani alijenga? Mzazi. Mwishoni mwa miaka ya themanini tukaambiwa "kugawana gharama". Kila mara mpango unatangazwa juu, matofali yanatoka chini.

10/ Hapa ndipo dada yangu alipoanguka. Mwaka 1992 yeye alikuwa darasa la sita, mimi la nne. Kulikuwa na mchango wa kumalizia kile chumba cha sayansi ya nyumbani, na baba hakuwa nao kwa watoto wawili. Tulirudishwa nyumbani mara tatu muhula mmoja. Mara ya nne nikarudi peke yangu. Hakuna aliyemfukuza rasmi. Alikaa nyumbani wiki moja, ikawa mbili, kisha akaenda kufanya kazi ya ndani mjini. Chumba kikamalizika. Hakuna mwalimu wa sayansi ya nyumbani aliyewahi kuletwa, kikawa stoo ya mahindi.

11/ Nimelisimulia hilo bila kutaka mumlaumu mwalimu mkuu wa wakati huo. Aliamriwa ajenge, akajenga kwa alichokuwa nacho, yaani sisi. Nimelisimulia kwa sababu leo dada yangu ndiye anayeitetea hiyo shule kuliko mtu yeyote. Nilimuuliza mbona. Akanijibu, "Ilinitoa mimi, lakini ndiyo iliyo karibu na mtoto wangu." Mwanasiasa wa Nairobi anayesema watu wa mashambani wanapenda shule zao kwa hisia tu, asikie hilo.

12/ Turudi kwa historia. Mwaka 1998 serikali ilisimamisha kuongeza walimu. Kuanzia hapo walioajiriwa walikuwa wa kujaza nafasi za waliostaafu, waliokufa au walioacha kazi. Miaka mitano baadaye, Januari 2003, elimu ya msingi ikatangazwa bila malipo. Nchi ikaruka kutoka wanafunzi kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwaka 2004 Mzee Kimani Maruge, wa miaka 84, akaingia darasa la kwanza kule Eldoret, dunia nzima ikatupigia makofi. Ilikuwa siku njema kweli. Lakini hebu soma tena tarehe hizo mbili: walimu walisimamishwa 1998, milango ikafunguliwa 2003.

13/ Kutoka hapo serikali inatuma pesa kwa kila kichwa, tunaziita kapitesheni. Zilianza Sh1,020 kwa mwaka kwa mtoto wa shule ya msingi, baadaye zikapanda hadi Sh1,420. Kwa shule kubwa inasikika vizuri: watoto 1,000 ni Sh1,420,000. Sasa njoo kwetu. Gredi ya 1 hadi ya 6 tuna watoto 104. Zidisha. Unapata Sh147,680 kwa mwaka mzima, na hizo ni za kwenye karatasi, zikifika zote na zikifika kwa wakati.

14/ Sasa fikiria matumizi. Mlinzi wetu analipwa Sh6,000 kwa mwezi, yaani Sh72,000 kwa mwaka. Mlinzi halindi watoto 104 kwa bei nafuu kuliko 1,000. Geti ni moja, usiku ni mmoja. Paa likivuja linavuja vilevile. Choo kikijaa kimejaa. Hata kama sheria ingeruhusu pesa zote za kapitesheni ziende popote, mlinzi peke yake angekula karibu nusu. Hapo ndipo shida ya shule ndogo ilipo: gharama nyingi za shule hazigawanyiki kwa vichwa, lakini pesa zinagawanywa kwa vichwa.

15/ Twende kwa walimu. Gredi sita, walimu wa TSC watano pamoja na mwalimu mkuu, ambaye nusu ya wiki yuko kwa ofisi ya elimu na makaratasi. Pengo linazibwa na walimu wawili wa BOM, vijana wa hapo hapo waliosomea ualimu na hawajaajiriwa. Kila mmoja analipwa Sh7,000 kwa mwezi. Wawili hao ni Sh168,000 kwa mwaka. Familia ni kama 70. Gawanya: Sh2,400 kwa familia, Sh800 kila muhula. Ndio hiyo "elimu bila malipo" mnayoisikia kwa redio.

16/ Sheria inasemaje? Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza karo katika shule ya umma. Inaruhusu malipo mengine kwa idhini ya waziri, akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti, lakini mtoto hawezi kukataliwa shuleni kwa sababu mzazi hajayalipa. Ukikuta mtoto amekaa nje ya geti kwa sababu ya Sh800, sheria iko upande wa mtoto. Lakini ukishamrudisha darasani, bado kuna swali la nani atamlipa yule kijana anayemfundisha.

17/ Na kuna kizungumkuti cha nani anawajibika kwa nini. Ndani ya ua moja la shule yetu kuna walipaji watatu. PP1 na PP2 ni za kaunti, imeandikwa kwenye Jedwali la Nne la Katiba. Gredi ya 1 hadi ya 6 ni za serikali ya kitaifa, Sh1,420 kwa kichwa. Sekondari ya chini, iliyoletwa ndani ya shule za msingi mwaka 2023, ni ya kitaifa pia lakini kapitesheni yake ni Sh15,000 na kitu. Kwa hivyo mtoto akivuka kutoka Gredi ya 6 kwenda ya 7, anavuka ukumbi tu, thamani yake kwa serikali inapanda zaidi ya mara kumi.

18/ Kwa hivyo MCA akisimama kwa baraza akakuahidi walimu wa shule ya msingi, muulize kwa upole, "Mheshimiwa, hiyo ni kazi ya nani?" Kaunti yake inaajiri walimu wa chekechea. Mbunge naye ana CDF, iliyoanza mwaka 2003. Hiyo inaweza kujenga darasa, kununua madawati, kuweka tangi la maji. Haimweki mwalimu hata mmoja kwenye orodha ya mishahara ya TSC. Nusu ya kelele tunazopiga kwenye mijadala ni kumuuliza mtu asiyehusika.

19/ Na hapo kwa CDF ndipo tunapofika kwa sababu ya pili ya shule kuwa ndogo. Darasa lina ukuta, na ukuta unabeba bamba lenye jina na tarehe ya uzinduzi. Mshahara wa mwalimu hauna mahali pa kubandika bamba. Kwa hivyo kwa miaka ishirini tumezindua shule mpya kila kijiji kikililia yake. Leo shule za msingi za umma ni zaidi ya 23,000. Shule ile ya ng'ambo ya mto ilikuwa na watoto 600 wakati wetu. Ikazaa shule mbili pembeni, zote za kampeni. Watoto ni wale wale, wamegawanywa mara tatu.

20/ Ongeza mambo mengine mawili ambayo hayana uhusiano na mwanasiasa yeyote. Kwanza, tunazaa watoto wachache. Mwishoni mwa miaka ya sabini mwanamke wa Kenya alikuwa anazaa watoto wanane kwa wastani; utafiti wa kitaifa wa 2022 ulipata 3.4. Sisi tulikuwa saba, dada yangu ana watatu. Pili, baada ya 2003 madarasa yalipojaa, mzazi aliyeweza alipeleka mtoto shule ya kibinafsi. Hata huko kwetu kuna moja ya mabati, ina basi la manjano. Anayebaki shule ya umma mara nyingi ni mtoto wa yule asiyeweza.

21/ Sasa tuseme ukweli kuhusu uzuri wa shule ndogo, maana wanaotaka kuifunga huuruka. Mwalimu anamjua kila mtoto kwa jina na kwa boma. Mtoto asipokuja, saa nne mama yake ameshapigiwa simu. Hakuna mtoto anayepotea katikati ya umati. Mpishi ni mama wa mmoja wao, anajua nani hakula jana usiku na anamwekea isyo kijiko cha pili. Mtoto wa Gredi ya 1 anatembea dakika kumi na tano akishikwa mkono na wa Gredi ya 5. Mvua ikinyesha na mto ukijaa, shule haifungwi.

22/ Na sio shule tu. Ni hapo tunapopigia kura. Ni hapo chanjo hufanyiwa, chakula cha msaada hugawiwa wakati wa ukame, na chifu huita baraza. Tangi la shule ndilo maji ya kijiji mwezi wa tisa. Ukiondoa shule, umeondoa mahali pekee pa umma katika kilomita tano. Hesabu ya wizara inahesabu wanafunzi tu. Hiyo mingine haina safu yake kwenye jedwali.

23/ Lakini tuseme na ubaya wake, maana wanaoitetea nao huuruka. Mwalimu mmoja akishika Gredi ya 2 na ya 3 kwa chumba kimoja, upande mmoja unanakili huku mwingine unafundishwa. Mwalimu akiitwa semina, darasa zima halina mtu siku tatu. Na mwalimu mbaya katika shule ndogo ni mbaya kwa kijiji kizima, kwa sababu hakuna mwingine. Mimi nilifundishwa hesabu na mtu mmoja miaka mitano. Nilielewa sehemu na desimali nikiwa kidato cha kwanza, kwa aibu, nikisaidiwa na mwenzangu.

24/ Tena bodi ya shule ni ndugu na majirani. Pesa za tangi zikipotea, aliyekuwa mweka hazina ni binamu yako, na mama yake ndiye aliyekupikia ulipofiwa. Nani atasimama kwa mkutano aulize risiti? Ukaribu uleule unaomfanya mwalimu amjue mtoto ndio unaotufanya tunyamaze. Nimeona mambo yakinyamaziwa kwetu ambayo katika shule kubwa yangeletewa mkaguzi. Tusiipambe shule ndogo kama vile ni ya malaika.

25/ Kuhusu matokeo ya mitihani, tuwe waangalifu. Enzi za KCPE, iliyoanza 1985 ikaisha 2023, shule yetu iliwahi kuitwa "ya mwisho katika kata". Watahiniwa walikuwa sita. Watano wakipata alama 300 kila mmoja na mmoja akapata 150 kwa sababu aliugua malaria, wastani ni 275. Mwaka unaofuata sita wakipata 300 wote, utasikia "shule imeimarika". Hakuna kilichobadilika isipokuwa mbu. Mtu akikuletea wastani wa shule ndogo kwa mjadala, muulize watoto walikuwa wangapi.

26/ Kwa hivyo nasimama wapi? Nimegundua kwamba "tufunge au tuache" ni swali linalokuja mapema mno. Karibu kila udhaifu niliotaja unarudi kwenye ule mkataba wa 1963: nyinyi kuta, sisi mwalimu. Wananchi walitimiza upande wao, hata kupita kiasi; kuta ni nyingi kuliko tunavyohitaji. Upande wa mwalimu ulisimama 1998 na haujawahi kufika ulikotakiwa. Kuunganisha shule mbili zenye upungufu kunaweza kukupa shule moja kubwa yenye upungufu uleule, na watoto wadogo wakivuka mto.

27/ Lakini siwezi kudanganya pia: kuna mahali kuunganisha ni sawa. Shule mbili zikiwa kilomita moja, hakuna mto katikati, moja ina watoto 40 na nyingine 90, kuziacha zote ni kuwanyima watoto mwalimu kwa sababu ya bamba la uzinduzi. Huo ndio ukweli ambao hakuna mwanasiasa anataka kuusema kwa kijiji kinachompigia kura. Na kuna mahali haifai hata kidogo. Tofauti inajulikana kwa kuuliza maswali, haijulikani kwa kupiga makofi.

28/ Haya ndiyo maswali yangu ya Jumamosi. Chukueni, badilisheni majina, mtumie kwenu:
Moja: mtoto wa miaka sita atatembea umbali gani, na mto ukijaa atafanya nini?
Mbili: walimu wetu watano watahamia huko pamoja na watoto, au watapelekwa kwingine? Iko wapi barua?
Tatu: wale vijana wa BOM wanaenda wapi?
Nne: PP1 na PP2 zinabaki hapa? Kaunti imeulizwa?
Tano: shamba ni la nani?

29/ Hilo la tano msilipuuze. Mzee alitoa shamba kwa mdomo, amefariki, mashahidi wamefariki. Hakuna hatimiliki, kama ilivyo kwa shule nyingi za umma nchini. Shule ikifungwa Ijumaa, Jumatatu wajukuu wake wana haki ya kuuliza, na wameanza kuuliza. Juzi mkonge wa upande wa chini ulikuwa umekatwa. Kabla ya kuunganisha chochote, shamba lisajiliwe. La sivyo tutafunga shule kwa muda na tusipate tena pa kuifungulia.

30/ Na swali la sita ni la wale wa juu: mbona shule isipewe kwanza kiasi fulani cha msingi cha kuiendesha, cha mlinzi, maji na paa, halafu kapitesheni ya vichwa ije juu yake? Wazo hilo sio langu. Jopo la mageuzi ya elimu lililotoa ripoti mwaka 2023 lilipendekeza kitu cha aina hiyo, pamoja na kuweka chekechea hadi Gredi ya 9 chini ya uongozi mmoja. Mwanasiasa akija na mdahalo wa shule ndogo, muulize anaunga mkono hilo au la, na pesa zitatoka fungu gani. Hapo utajua kama amejiandaa au amekuja kupigiwa makofi.

31/ Nitaondoka Nairobi Ijumaa jioni. Nimemwambia dada yangu kwamba huenda nikasema mambo ambayo hatayapenda, kwa mfano lile la pesa za tangi. Akasema, "Sema. Lakini usiseme tufunge kabla hujatembea na mtoto hadi ng'ambo." Kwa hivyo Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nitatembea na mpwa wangu kutoka nyumbani hadi ile shule nyingine, nikiwa na saa mkononi. Nitawaambia ni dakika ngapi.

32/ Wewe je? Shule yako ya kwanza ilianzia chini ya mti gani, nani alitoa shamba, na leo ina watoto wangapi na walimu wa TSC wangapi? Andika hapa chini, kaunti tu inatosha. Tukipata majibu mia mbili, tutakuwa na mjadala bora kuliko ule wa wiki jana. Mwisho wa uzi.